Keki ya Ghorofa Tano

Kila asubuhi, jua likiwa bado linachungulia nyuma ya minara ya kanisa la mji wa Miagao, Jemalyn alikuwa tayari njiani kwenda kuchukua mkate. Mkono mmoja mfuko wa kitambaa, mkono wa pili simu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake alipenda kusema kwamba siku simu itakapomtoka mkononi, ndipo watu watajua kumbe huyu mtoto naye ana vidole vitano kama wenzake.

Harufu ilimpokea kabla hajafika. Tanuri la Babu Crisanto lilikuwa la kuni, la matofali, kongwe kuliko babu mwenyewe, na mikate yake midogo ya pandesal ilitoka humo laini ndani, imejipaka chenga za mkate nje. Mpishi wake alikuwa Rosvic, dada yake Jemalyn, msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mikono ya kazi na kicheko cha kusikika hadi sokoni.

"Umechelewa, bosi!" Rosvic alimwita huku akikata donge la unga. Kata, kata, kata, wala hakuangalia. Kila kipande kilitoka sawa na mwenzake.

"Sijachelewa. Nilikuwa nasoma ujumbe."

"Ujumbe wa nani saa hizi? Jogoo naye ana simu?"

Babu Crisanto alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa juu ya gunia la unga, akayapapasa magoti yake, akasema kitu kilichozima kicheko chote. "Wanangu, mwisho wa mwezi wa nne nafunga. Magoti yangu yalishastaafu zamani, yananisubiri mimi tu."

Rosvic aliacha kukata. Mji mzima ulikuwa na viwanda vya mkate viwili tu, na kile kingine kilikuwa cha mashine. Kama tanuri hili lingezimwa, yeye angeoka wapi?

*

Wiki hiyohiyo Jemalyn akaliona tangazo. Bila shaka aliliona yeye, nani mwingine? Wakala mmoja wa ajira wa Iloilo, mwenye leseni, alikuwa anatafuta mwokaji wa kwenda Kanada, kwenye mji mdogo unaoitwa Halden Creek. Mwenye duka la mikate angemdhamini mfanyakazi mwenyewe: angemwombea ruhusa serikalini kwao, na kwa ruhusa hiyo viza ya kazi ingeombwa.

"Dada! Dada! Wanataka mwokaji! Kanada!" Jemalyn alikimbia na simu juu kama mwenge.

Rosvic alilisoma mara tatu. "Jem, huyu ni mimi. Hawa watu wamenielezea mimi." Kisha akaichukua kalamu na kuandika kila kitu kwenye karatasi ya daftari kwa mwandiko wake wa mviringo: jina, shule, kazi. Kwenye kazi aliandika, *Mwokaji kwa Babu Crisanto, mwaka mmoja na miezi minane.*

"Nijazie fomu, mdogo wangu. Mimi nikigusa kompyuta, inakwama. Wewe ndiye mwenye vidole."

"Usijali, dada. Kwa vidole hivi, wewe hesabu umeshafika."

Basi baada ya shule Jemalyn na rafiki yake Tingting wakaenda kwenye kibanda cha kompyuta, zile za kutumbukiza sarafu ya peso moja ukapata dakika chache. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Jemalyn alikuwa anapiga vitufe kama mpiga kinanda. Akafika pale palipoandikwa uzoefu wa kazi. Akachagua *chini ya miaka miwili*.

Fomu ikafunga. Puu! Maandishi mekundu yakatokea: *Samahani. Nafasi hii ni ya mwenye uzoefu wa miaka miwili au zaidi.*

"Ala!" alisema Tingting. "Imekufukuza."

Jemalyn aliitazama karatasi ya dada yake. Miezi minne. Yaani mtu akose Kanada kwa miezi minne? Rosvic alikuwa anaoka mikate elfu moja na mia mbili kila asubuhi kwa mikono yake, na kompyuta isiyojua hata harufu ya mkate inamfungia mlango!

"Andika mitatu," Tingting alimnong'oneza. "Nani atahesabu?"

"Wewe unadhani?"

"Mimi sidhani, mimi nasema. Harakisha, peso inaisha."

Jemalyn alichagua *miaka mitatu*. Mlango ukafunguka, laini kabisa. Mbele yake kulikuwa na swali jingine: *Unaweza kupamba keki? Weka picha ya kazi yako.* Rosvic hakuwa amepamba keki hata siku moja. Lakini ukishavuka mto, utaogopa dimbwi?

"Ile ya harusi ya binamu Arnel," alisema Tingting, akiionyesha simu kwa midomo. "Rosvic amesimama pembeni ya keki na aproni nyeupe. Yaani ukimwona utasema kaioka yeye."

Picha ilikuwepo. Siku ile Rosvic alipeleka mikate ya harusini, akapigwa picha kando ya keki ya ghorofa tano yenye maua ya sukari na daraja dogo lenye njiwa wawili juu yake. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Keki ile haikuwa keki. Miagao nzima wanajua kwamba keki za harusi kubwa za namna ile ni povu, lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya katoni za televisheni, limepakwa sukari juu. Kipande cha kuliwa ni kimoja tu, kipo chini upande wa nyuma, ndicho maharusi wanachokata. Baada ya hapo keki inarudi kwa mwenyewe, inafutwa vumbi, inakodishwa tena. Keki ile ya Arnel ilikuwa imeshaolewa mara kumi na moja.

Jemalyn akaibandika kwenye fomu. Akabonyeza *tuma*.

*

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kwenye simu ya Jemalyn, kwa kuwa barua pepe waliyoiandika ilikuwa yake. Mwenye duka, Bi. Verna Dueck, alitaka kuongea na Rosvic kwa video Jumamosi saa tatu asubuhi. Jemalyn alipiga kelele darasani, mwalimu akamtoa nje, akaendelea kupiga kelele nje.

Halafu akasoma chini. *Ile keki ya ghorofa tano imenifurahisha mno. Mwaka huu nina harusi sita za kuandalia. Nitapenda anieleze jinsi alivyoijenga.*

Kelele zikakatika palepale.

Nyumbani alisema nusu tu. "Wanataka kuongea na dada!" Basi hapo nyumba ilijaa. Mama alichinja kuku. Majirani waliingia mmoja mmoja kama wanaokuja kusali, kila mtu na agizo lake.

"Rosvic, mimi chokoleti tu. Na viatu. Namba saba. Nyekundu."

"Shangazi, sijaenda hata Iloilo!"

"Ndiyo nakuambia mapema, usije ukasema sikukwambia."

Watu walicheka, kuku akaliwa, na Jemalyn kipande chake cha paja kilikaa kwenye sahani mpaka kikapoa. Mama alimgusa paji la uso. "Huumwi?"

"Siumwi, mama."

Kesho yake alimfuata Rosvic na simu. "Dada, hebu tazama hii video. Jinsi ya kupamba keki. Labda ujifunze kidogo."

"Mimi na keki wapi na wapi? Mimi ni mtu wa mkate."

"Kidogo tu. Ghorofa mbili."

"Jem, una nini wewe?"

"Nakupenda tu, dada."

"Mh. Upendo wa aina hiyo unatisha."

Badala ya keki wakafanya mazoezi ya mahojiano. Rosvic alikuwa na shida moja: akikubali jambo, hasemi ndiyo, ananyanyua nyusi, kama watu wote wa Miagao. "Utanyanyua nyusi mpaka zifike kisogoni, yule mama hataelewa," Jemalyn alimfundisha. "Sema kwa mdomo."

Rosvic alinyanyua nyusi.

"Dada!"

"Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Umefurahi?"

Kila walipocheka, Jemalyn alijiambia: nitamwambia kesho. Kesho ikafika, ikapita. Mara ikawa Jumamosi.

*

Waliamua Rosvic aongelee pale tanurini, kwa sababu intaneti ya jirani ilifika vizuri na kwa sababu unga wa kundi la pili ulikuwa unaumuka. Mama alikaa juu ya magunia amevaa gauni la kanisani. Babu Crisanto alikuwa pembeni na redio yake ya kwenye simu, akisikiliza nyimbo za zamani kwa sauti ndogo. Jemalyn ndiye aliyeshika simu ya mahojiano kwa mikono miwili.

Bi. Dueck akatokea. Mama mnene mwenye nywele fupi za mvi, miwani imeteleza puani, na nyuma yake dirisha lililoganda barafu. Kwake ilikuwa bado Ijumaa jioni.

"Habari za huko kesho!" alisema.

Rosvic alicheka, na ule woga wote ukamtoka. Waliongea kuhusu unga, kuhusu hamira, kuhusu kuamka mapema. Rosvic alinyanyua nyusi mara mbili tu, na mara zote mbili Jemalyn alimkanyaga mguu. Mama alikuwa anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. Yaani mambo yalikuwa yanakwenda!

"Sasa, Rosvic," Bi. Dueck akasogeza miwani, "niambie kuhusu ile keki. Tabaka la chini uliwezaje kulifanya libebe manne juu yake bila kudidimia? Mimi miaka thelathini na tano nahangaika na hilo."

Rosvic alikunja uso. "Keki gani?"

"Ile ya kwenye picha. Ya ghorofa tano."

Rosvic akageuka taratibu, akamtazama aliyeshika simu.

Kidole cha Jemalyn kilijua njia chenyewe. Kikabonyeza kile kitufe chekundu, kioo kikawa cheusi.

"Mtandao," alisema Jemalyn. "Umekatika."

Lakini kwenye simu ya Babu Crisanto, kwa intaneti ileile ya jirani, mwimbaji wake wa zamani alikuwa anaendelea kulia na mapenzi bila kusita hata neno moja. Babu aliitazama simu yake. Akamtazama Jemalyn. Akapunguza sauti.

"Mtandao huu unachagua watu," alisema.

Hapo Jemalyn akashindwa. Machozi yalitoka kwanza, maneno yakafuata yakikimbizana: fomu ilivyofunga, miezi minne, miaka mitatu, picha ya Arnel. Rosvic alikaa chini sakafuni, kwenye unga, na sketi yake nzuri.

"Jemalyn, mimi nilikuandikia ukweli kwenye karatasi," alisema kwa sauti ndogo. "Mwandiko wangu haukusomeka?"

"Ulisomeka."

"Sasa?"

"Nilitaka uende."

"Na ningefika kule, yule mama akanipa harusi sita, ningempikia nini? Povu?"

Jemalyn alijipangusa pua kwa mkono. "Tumwambie mtandao ulikatika kweli. Halafu tuseme keki tumesahau jinsi…"

"Jem." Mama alikuwa ameshuka kutoka kwenye magunia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Jemalyn zaidi. Alichuchumaa mbele yake, gauni la kanisani likagusa sakafu. "Unajua nilikwenda Kuwaiti kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka kumi na tisa?"

"Najua."

"Hujui yote. Sheria ilitaka mtu mkubwa kuliko mimi. Wakala wangu, mtu mjanja-mjanja yule, akaniandika miaka ishirini na mitano na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Akaniambia, nani atahesabu? Basi miaka minne, kila tarehe tatu mwezi wa tatu, watoto wa nyumba ile waliniimbia na kunipa zawadi. Walinipenda kweli wale watoto. Na mimi natabasamu, nazima mishumaa ya mtu asiyekuwepo. Siku yangu mwenyewe, mwezi wa kumi na moja, naosha vyombo, hakuna anayejua. Nikiulizwa umri na daktari, moyo unaruka. Nikiona askari, nabadilisha upande wa barabara. Sikuwahi kulala usingizi wa mtu aliyeingia kwa mlango."

Rosvic alimtazama mama yake kama anamwona mara ya kwanza. Hata yeye hakuijua hadithi hii.

"Sitaki dada yako alale usingizi ule," mama alisema. "Mpigie yule mama. Wewe, si Rosvic."

Simu ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Jemalyn akapiga. Bi. Dueck alipokea mara moja. "Nilidhani theluji yangu imewakata!"

"Haikuwa theluji, mama," alisema Jemalyn, na Kiingereza chake chote cha shule kikaja kwa foleni ya kusukumana. "Ni mimi nilikata. Naitwa Jemalyn, ni mdogo wake. Fomu niliijaza mimi. Dada aliniandikia ukweli, mimi nikaandika uongo. Hana miaka mitatu, ana mwaka mmoja na miezi minane. Na hajui kupamba keki. Na ile keki si yake."

Nyuma ya Bi. Dueck upepo ulisikika ukisukuma dirisha.

"Ni ya nani?" aliuliza mwishowe.

"Ya kukodisha, mama."

"Nani aliioka?"

"Haikuokwa. Ni povu. La katoni za televisheni."

Bi. Dueck alivua miwani. Aliiweka mezani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Jemalyn alidhani analia, kumbe anacheka, anacheka hadi akashika meza. "Ndiyo maana haikudidimia!" alisema alipopata pumzi. "Wiki nzima nimekaa na picha ile napiga hesabu!"

Lakini alipomaliza kucheka alivaa miwani yake, na sauti ikawa nyingine.

"Sikiliza, binti. Mimi nikiomba ruhusa ya kumleta mtu, natia sahihi yangu kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Serikali yetu ikikuta uongo kwenye maombi ya viza, dada yako anafungiwa miaka mitano asiingie. Na mimi nitakuwa nimeaibika mji mzima. Unaelewa nilichokuwa karibu kukitia sahihi?"

Jemalyn alinyanyua nyusi, akakumbuka, akasema, "Ndiyo, mama."

"Kazi ya keki nitampa mtu mwingine. Hiyo imekwenda."

Jemalyn aliinamisha kichwa. Nyuma yake alisikia *pa, pa, pa*. Unga wa kundi la pili ulikuwa umeumuka mpaka unamwagika kwenye beseni, na Rosvic, mashavu yakiwa bado na machozi, alikuwa ameinuka kuushughulikia. Unga haujui kwamba mtu amekosa kazi. Alikuwa anakata bila kuangalia, anageuza, anapaka chenga, anapanga kwenye trei, mikono yote miwili, kulia sawa na kushoto.

"Huyo anafanya nini?" aliuliza Bi. Dueck. "Sogeza simu. Hapana, karibu zaidi. Hana mizani?"

"Hatumii, mama. Anakata kwa mkono tu."

"Mwambie avipime viwili vya hapo."

Babu Crisanto alileta mizani ya dukani, akaipuliza vumbi. Kipande cha kwanza, gramu thelathini na tano. Cha pili, thelathini na tano.

Bi. Dueck alisogea karibu na kioo. "Nina nafasi mbili," alisema taratibu. "Ya keki, na ya mkate wa asubuhi. Ya mkate watu hawaitaki kwa sababu ya kuamka. Nayo inataka miaka miwili, sitampunguzia mtu hata wiki. Rosvic, miaka yako miwili inatimia lini?"

"Katikati ya mwezi wa tano, mama."

"Basi nitumie barua ya kweli mwezi wa tano. Siahidi kitu. Nikipata mtu kabla ya hapo, nimepata."

*

Jumatatu Jemalyn na mama walipanda gari hadi Iloilo, kwa wakala. Mama alikaa kwenye benchi la wageni, akamwacha Jemalyn aende mezani peke yake. Ofisa alimsikiliza, akaitoa ile fomu, akaipiga muhuri wa kufutwa, akamsema kwa dakika kumi nzima. Jemalyn aliyapokea yote amesimama. Walipotoka nje alinunuliwa maandazi ya ndizi, akayala yote matatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuhisi njaa tangu Bi. Dueck aandike.

Likabaki tatizo moja. Babu Crisanto alikuwa amesema anafunga mwisho wa mwezi wa nne. Kwa hesabu hiyo Rosvic angekwama kwenye mwaka mmoja na miezi kumi na moja na nusu. Jemalyn alikwenda kumwona.

"Babu, huwezi kumwandikia barua ya miaka miwili… yaani…" akajisikia mwenyewe, akaziba mdomo.

Babu alimtazama mpaka masikio yake yakawaka moto.

"Nilikuwa nauliza tu kama magoti yanaweza kusubiri kidogo," Jemalyn alisema haraka.

"Ahaa! Hilo ni swali lingine." Babu aliyapapasa. "Magoti, mnasemaje? Wanasema watasubiri, kama kuna mtu wa kuwabebea kuni."

Basi kuanzia hapo, kila siku kabla ya shule, Jemalyn alibeba kuni. Simu ilikaa mfukoni, kwa sababu kuni zinataka mikono yote miwili. Tingting alikuja kumcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuja kumsaidia, akasema amekuja kwa ajili ya mkate wa bure tu, wasije wakamwelewa vibaya.

Katikati ya mwezi wa tano Babu aliandika barua kwa mkono, akatia sahihi, akaongeza namba yake ya simu ili mtu yeyote wa Kanada ampigie akitaka. Rosvic alijaza fomu mwenyewe, kidole kimoja kimoja, Jemalyn kakaa pembeni. Walipofika kwenye *unaweza kupamba keki?* Rosvic alibonyeza *hapana* kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Fomu haikufunga.

Nafasi ilikuwa bado ipo. Bi. Dueck alikuwa amejaribu watu wawili, wote wakashindwa kuamka. Ruhusa ya kwao ilichukua miezi, maombi ya viza yakachukua miezi mingine, na kila simu ilipolia nyumba nzima iliruka. Mwezi wa kumi, pasipoti ya Rosvic ilirudi na viza imebandikwa ndani. Mama aliigusa kwa ncha ya kidole. Jina la kweli, tarehe ya kweli. Rosvic alipiga kelele hadi mbwa wa jirani wakajibu.

Karamu ya kumuaga ilikuwa kubwa kuliko ya kuku. Kulikuwa na tambi, samaki wa kuchoma, na nguruwe mzima aliyechomwa. Katikati ya kula, shangazi wa viatu namba saba alimvuta Jemalyn pembeni.

"Jem, nasikia unajua sana hizi fomu. Mwanangu Nonie naye anataka kwenda Kanada, kuendesha mashine za shambani. Ameendesha miezi sita. Sasa wewe, kwa vidole vyako hivyo, umwongezee kidogo, mm? Mwaka tu. Nani atahesabu?"

Jemalyn aliangalia huku na huku. Mama alikuwa amesimama nyuma yao na bakuli la wali, amesikia kila kitu.

"Dada yangu," mama alimwambia shangazi kwa upole, "karatasi husafiri mbele ya mtu. Inafika kabla yake, inakaa mlangoni inamsubiri. Ukiipakia ukweli, itamfungulia mlango. Ukiipakia uongo, itakaa pale mlangoni miaka yote, na kila akiingia na kutoka itamuuliza, wewe ni nani? Mwache mtoto wako atimize mwaka wake. Mwaka hauchelewi kama uongo unavyochelewesha."

Shangazi aliguna, akachukua samaki, akaondoka akisema mama yao amekuwa padri siku hizi.

Lakini Nonie mwenyewe, kijana mrefu mwenye aibu aliyekuwa amemfuata mama yake, alibaki amesimama pale. Jemalyn alitoa simu mfukoni, akaketi kwenye ngazi, akamsogezea nafasi.

"Haya, kaka Nonie. Niambie mashine gani umeendesha, na tangu lini. Polepole, tuandike zote, hata zile ndogo."